Kompyuta Iliyotaka Jina la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alinijua kwa sauti tu. Nilipopelekwa Nansio kutambulishwa, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, mtoto wa jicho kulia na kushoto, na kilichobaki kwake kilikuwa mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayepita. Alikuwa fundi wa mashua. Mikono yake iliendelea kupapasa mbao hata baada ya watu kuacha kumletea kazi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: kumwona mzee wa watu amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, randa mapajani, akisikiliza vijana wakigongelea misumari mashua ambazo zamani zingekuwa zake. Nilimpenda tangu siku ile. Wapo watu wanaowaogopa wakwe zao. Mimi wangu nilitamani kumbeba.

Lakini kumpenda mkwe kuna mipaka yake. Kwao Ukerewe, na kwetu upande wa Musoma pia, mkamwana halitaji jina la baba mkwe. Halitaji, haliandiki, na akikutana na mtu mwingine mwenye jina hilohilo humtafutia jina jingine. Pale mjini Mwanza palikuwa na muuza vitambaa aliyebahatika kuitwa kama baba mkwe wangu, na miaka yote hiyo mimi nilimwita Shemeji wa Kona, ingawa hakuwa shemeji yangu na duka lake halikuwa konani. Tena wakwe hawatazamani usoni. Mkikutana, mmoja anapisha na wote wawili mnageuzia nyuso pembeni. Yeye, kwa kuwa haoni, alikuwa ameshasamehewa hilo la pili. Mimi nikabaki nalo peke yangu, nikimsalimia mtu asiyeona huku nimeangalia ukuta.

Nilikuwa karani katika hospitali moja pale mjini, ofisi ya matroni, na kazi yangu ilikuwa taipureta. Hiyo ilikuwa miaka ya kila kitu kuingia nchini kwa wakati mmoja. Mitumba imejaa, viwanda vya minofu ya sangara vinaota kando ya ziwa, televisheni zinabebwa mabegani kama watoto wachanga, na rafiki zangu waliopunguzwa kazi viwandani wamejifunza kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yenye mifupa, na kuyauza. Nasi hospitalini tukaletewa kompyuta na wafadhili. Ikatengewa chumba chenye zulia na feni. Mtu akitaka kuingia anavua viatu mlangoni, hata daktari, na ndani tunaongea kwa sauti ya kanisani. Ilifunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe kwa sababu matroni alisema vumbi la Mwanza halina adabu.

Baada ya kompyuta akaja kijana wa Kizungu kuitengenezea programu ya kuandikisha wagonjwa. Alikuwa mrefu, mpole, anaungua na jua kila siku na kila siku anashangaa. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, kwa hiyo alizungumza vizuri kuliko wengi wetu na hakueleweka sokoni hata kidogo. Alikuja ofisini kwangu na rundo la karatasi. Zilikuwa na sentensi zote ambazo programu ile ingeweza kumwambia mtu, kwa Kiingereza, kuanzia salamu mpaka malalamiko.

"Nimezitenga," aliniambia. "Matumbo ya mashine yako huku, mdomo wake uko kule. Mtu wa nchi nyingine yoyote anaweza kuiwekea mdomo wake bila kugusa matumbo. Wewe nipe mdomo wa Mwanza."

Hakuna aliyewahi kuniomba kitu kizuri namna ile, ukimtoa mume wangu, na mume wangu naye aliomba kwa maneno machache zaidi.

Nikaanza kazi, na kumbe kuisemea mashine ni kazi ya watu wazima. Ukurasa wa kwanza tu tuligombana. Programu ilianza kwa kudai jina la mgonjwa, hivihivi, bila hodi. Nikamwambia hapa mtu haulizwi jina kabla ya kupewa pole. Akaniuliza, kwa dhati kabisa, anayesikitika ni nani, mashine? Nikamjibu anayesikitika ni hospitali, na mashine imetumwa tu. Alifikiri kidogo akacheka, na mashine ilipohamishiwa dirisha la kuandikisha, kila mgonjwa aliyefika hapo alisomewa kwanza, "Karibu. Pole kwa kuugua." Bibi mmoja wa Sengerema, aliyevuka na kivuko cha Kamanga asubuhi hiyo, aliposikia karani akimsomea aliinama kuitazama kompyuta akaiitikia, "Asante, nimeshapoa."

Palikuwa na sentensi iliyosema, kwa lugha yao, kwamba limetokea kosa la kuua. Nilimwita nikamwonyesha. Ndugu yangu, nilimwambia, hapa ni hospitali; mtu akisoma hivi atauliza ni nani aliyekufa. Akasema kwao ni msemo wa kawaida, maana yake programu imesimama. Basi tukaandika: "Mashine imekwama. Mwite msimamizi." Palikuwa na nyingine iliyomuuliza mtu kama ana uhakika, kila alipotaka kuhifadhi jambo, na kwa Kiswahili ilitoka kama polisi wa barabarani anayekagua leseni. Nikaibadilisha ikawa "Asante. Tuendelee?" na hiyo niliipenda sana.

Kisha vile visanduku. Alikuwa amevichora kwa kipimo cha maneno ya Kiingereza, mafupimafupi, na maneno yangu yakawa yanatoka nje kama miguu ya mtoto aliyekizidi kitanda chake. Akaniomba nifupishe lugha. Nikamwambia apanue mashine. Tulinuniana mchana mzima, mimi na yeye, tukipeana disketi bila kusema neno, na kesho yake alikuja na visanduku vipana. Aliniambia amefikiri usiku, na kwamba hata nchi nyingine zina maneno marefu, kwa hiyo kosa lilikuwa lake tangu mwanzo kudhani kila mtu ana maneno ya kwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona hasira, yeye akapona ubishi, tukanunua mihogo ya kukaanga tukala barazani.

Swali lake moja nalikumbuka vizuri zaidi. Alitaka kujua ni sehemu gani za kuandikisha zinaweza kuachwa wazi. Tarehe ya kuzaliwa, nilimwambia, acha wazi, nusu ya wagonjwa wetu wamezaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa ya muhogo. Simu, acha wazi, nani ana simu? Sanduku la posta, andika la kanisa.

"Na jina?" aliuliza. "Yuko mtu asiye na jina?"

"Hayupo," nilisema.

Basi jina likafungwa. Bila jina, mashine haisogei mbele. Na kweli hayupo mtu asiye na jina. Tatizo, kama tulivyokuja kuona, ni yupi aliyesimama pale dirishani wakati jina linapotakiwa.

Zamani, kwenye kadi za karatasi, hili halikuwa tatizo. Mkamwana anamleta mkwe wake, karani anauliza jina, mkamwana anacheka na kutazama chini, karani anaelewa. Anaacha nafasi. Baadaye anapita jirani, au mgonjwa mwenyewe anazinduka, jina linajazwa kwa peni nyingine na mambo yanaisha. Karatasi ina subira. Kompyuta yetu haikuwa nayo, kwa hiyo makarani wa dirishani, ambao nao ni watoto wa watu na wana wakwe, wakatafuta njia. Wakaandika Babu. Wakaandika Mzee, Mama, Bibi wa Kamanga. Mashine ikapokea yote kwa furaha. Siku moja matroni akatoa orodha ya wodi akakuta Babu wamelala vitanda vinne vinavyofuatana, na nusura Babu mmoja apewe dawa ya Babu mwenzake.

Matroni alikuwa mwanamke mfupi aliyeweza kujaza korido nzima. Alituita wote. "Jina kamili, au mgonjwa haingii," alisema. Kijana wa Kizungu, ambaye alibakiza siku chache arudi kwao, akaifundisha programu kuyakataa maneno yale yote yakija peke yake, na mimi nikaitungia sentensi ya kukatalia. Niliitunga kwa mapenzi. Sikutaka iwe kali. "Tafadhali andika jina kamili la mgonjwa. Hapa hatutumii cheo cha ukoo." Nilijua kabisa kwa nini watu waliandika Babu, lakini niliona haina shida: kwenye foleni hakosekani mtu wa tatu wa kukutajia jina. Ya dirishani nilikuwa nayafikiria kwa ajili ya wengine, maana mimi nilikaa ofisini.

Kijana akaondoka. Tulimpa kitenge na samaki wakavu, akalia, nasi tukalia, na kazi ikaendelea bila yeye.

Ndipo tukapata habari kwamba daktari bingwa wa macho anakuja. Hawa walikuwa hawapatikani kanda yetu. Alipita kwa nadra, akakaa siku chache, akapasua macho ya watu kuanzia asubuhi mpaka mikono imchoke, akaondoka, na hakuna aliyejua angerudi lini. Nilituma ujumbe Nansio kwa nahodha wa boti. Mzee akagoma. Akasema macho yake yamechoka tu, yakipumzika yatarudi. Nikatuma tena. Mama mkwe akajibu kwa mkato: "Nitamleta." Lakini kati ya kugoma kwake na kuchafuka kwa ziwa, walifika siku ya mwisho ya upasuaji, asubuhi, wamebeba kapu la machungwa na fuko la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kana kwamba wamekuja harusini.

Mume wangu alikuwa baharia, na siku hiyo meli yake ilikuwa Bukoba. Karani wa zamu dirishani alikuwa amelala na malaria. Nimeshasema nilikaa ofisini. Siku hiyo matroni alinitoa akaniweka dirishani. Wagonjwa walinijia mmoja mmoja kutoka kwenye benchi refu, wote wa macho, wengine wameshikwa mikono na wazee wenzao ambao nao hawakuona vizuri. Orodha ya chumba cha upasuaji ilikuwa inachapwa saa sita mchana. Aliyekuwamo kwenye kompyuta alikuwamo kwenye orodha. Asiyekuwamo alirudi nyumbani na ukungu wake.

Ilipofika zamu yao nilisimama, nikageuzia uso ukutani, nikasema, "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alisema mzee, na akatabasamu upande ambao sauti yangu ilitokea.

Nikaketi. Kioo kikaniambia Karibu, Pole kwa kuugua. Nikabonyeza. Kikaniambia niandike jina kamili la mgonjwa, na kale kamstari kadogo kakaanza kuwakawaka, kanangoja.

Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi. Nilikuwa mtu wa taipureta, vidole vyangu viliweza kuandika barua nzima huku nazungumza na mtu. Havikusogea. Nilijiambia, mama, wewe ni msomi, umemaliza kidato cha nne, mila haikusema lolote kuhusu kompyuta. Nilijiambia kuandika si kutamka. Lakini hata kwenye bahasha sikuwahi kuliandika jina lile; barua zote za Nansio nilizipeleka kwa jina la shemeji yangu mdogo. Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni, kama mtu aliyeambiwa avue nguo mbele ya watu. Nilikasirika sana, na nilijikasirikia mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Nikaandika BABA. Kioo kikajibu kwa upole wote niliokitia mwenyewe: Tafadhali andika jina kamili la mgonjwa. Hapa hatutumii cheo cha ukoo.

Nikaandika MZEE. Tafadhali.

Nikajaribu kuacha wazi. Sehemu hii haiwezi kuachwa wazi, kikasema, na hiyo nayo niliitunga mimi, mchana mmoja mzuri, nikila mihogo.

"Kuna nini?" aliuliza mama mkwe.

"Inataka jina, mama."

"Si uipe?"

Nikatazama ukuta. Akaelewa, akafunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Maana yeye pia hakuwahi kulitaja. Tangu aolewe alimwita mumewe Mzee, hata mzee alipokuwa bado kijana wa kuruka mitumbwi. Tulikuwa wanawake wawili tuliolijua jina lile kuliko mtu yeyote katika hospitali ile, na hakuna aliyeweza kulifikisha kwenye mashine.

"Mama, si kitu cha kucheka," nilisema. "Saa sita wanatoa orodha."

"Sicheki," alisema, huku anacheka.

Nyuma yao alikuwapo mama mmoja wa Kisukuma mwenye kitambaa juu ya jicho. "Mama kalani," aliniambia, "fanya halaka, na sisi macho yanauma." Nikamweleza. Foleni nzima ikaelewa mara moja, na hakuna aliyenishangaa. Wakaanza kushauriana. Mmoja akasema mzee alitaje, yeye ataliandika. Tukamsogeza kwenye kibodi, akakiinamia, akasema haoni kitu. Na kweli, angeona angekuja kufanya nini pale? Mwingine akashauri niite muuguzi, lakini wauguzi wote walikuwa ndani na daktari na mlango umefungwa. Matroni naye alikuwa ndani. Nilisikia saa ya ukutani. Nilifikiria lile benchi la Nansio na randa mapajani, na nikaona kabisa kwamba mzee huyu atarudi gizani kwa sababu ya sentensi zangu nzuri. Nikaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu, na nashukuru hakuyaona.

Lakini aliyasikia. Watu wasioona husikia pua ikivutwa.

"Mwanangu," alisema, "hiyo mashine ina herufi?"

"Ina herufi, baba."

"Herufi kubwa au ndogo?"

"Kwenye vitufe ni kubwa."

"Basi kubwa nazijua. Mashua zote nilizotengeneza niliziandika majina mwenyewe. Mimi si mkamwana wa mtu. Nionyeshe vilipo, niliandike jina langu."

Ukutani kulikuwa na stuli. Tukaiweka mbele ya kibodi, nikageuza mashine imwelekee. Akavua viatu kwanza bila kuambiwa, ingawa pale dirishani hapakuwa na zulia, akakaa, akanyoosha kidole kimoja. Kidole cha fundi, kinene, kina kovu la patasi, kipana kuliko vitufe viwili vikiwekwa pamoja. Kumshika mkono sikuweza. Hilo nalo halifanyiki. Kwa hiyo ilibidi nimwongoze kwa mdomo.

"Ya kwanza, baba. Panda safu ya juu. Juu tena. Sasa nenda kulia. Kulia. Umepita, rudi. Hapo."

"Hapa?"

"Hapohapo. Gusa kidogo tu, usikandamize."

Akakandamiza. Ikaandika herufi ile mara tisa. Nikamwongoza mpaka kwenye kitufe cha kufuta, akakikandamiza nacho, ikafuta zote. Tukaanza upya. Mama mkwe alikuwa ameshakwenda kwenye dirisha la nje, ametupa mgongo na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutosha, asije akasikia jina la mumewe likipita herufi kwa herufi. Mimi sikuwa na wimbo. Nilikaa nikiliona jina lile linajiunga mbele yangu kwenye kioo, jina ambalo sikuwahi kulitamka wala kuliandika, na nilimwelekeza mwenyewe kila herufi yake bila kuitaja hata moja. Chini, baba. Kushoto. Safu ya katikati.

"Aliyezipanga herufi hizi alikuwa amelewa," alisema mzee. "A iko huku, B iko kule. Mashua ingekuwa hivi ingezama."

Foleni ikacheka. Yule mama wa Kisukuma alikuwa amesogea mpaka begani kwake, naye sasa alikuwa anasema "kulia, mzee, kulia" kila niliposema kulia, ingawa haoni. Wengine wakaungana naye. Kwa dakika zile chumba kizima kilikuwa kinamwendesha mzee wa watu kwenye kibodi kama watu wanaoisaidia mashua kuingia majini, na sauti yangu juu ya zote, maana nilishasahau kuongea kwa sauti ya kanisani.

Akamaliza. Jina lake, la babake, la babu yake, yote matatu, herufi zote sawasawa. Nikamwambia abonyeze kile kitufe kikubwa cha kulia. Akabonyeza. Kioo kikabadilika.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Inasema, Asante. Tuendelee?"

Mzee akaigeukia mashine, akakaa vizuri kwenye stuli. "Tuendelee, mwanangu," akaijibu, na akabonyeza tena.

Saa sita orodha ikatoka, naye akiwamo. Nilipoipeleka kwa matroni nilimwambia yaliyotokea, kwa hasira bado, na kwamba kuanzia leo lazima iwepo njia ya kuliacha jina likisubiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye naye alikuwa mke wa mtu. Aliniambia nimwandikie barua kijana wa Kizungu, nami nikamwandikia kurasa nne, na baada ya muda mrefu ikaja disketi kwa posta. Ndani yake palikuwa na kisanduku kipya, kipana, kisicho na neno lolote ndani. Alikuwa ameniachia nafasi nitunge mwenyewe. Niliandika: "Jina litatajwa na mwingine." Karani akikibonyeza, mgonjwa anapewa namba kwanza na kwenda kutibiwa, na jina lake linamngoja mtu wa kulitaja. Kijana aliongeza kikaratasi kwa mkono, kwamba nchi aliyokwenda kufanya kazi baada yetu, mbali kabisa na hapa, nao wamekiomba kisanduku hicho, kwa sababu zao wenyewe ambazo hakuzielewa lakini safari hii aliuliza.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile alipasuliwa jicho la kulia alasiri, akafungwa bandeji, akalala wodini akilalamika kwamba wamemnyima michembe yake. Mimi nilirudi Buswelu, enzi hizo ukisema unakaa Buswelu watu wanakupa pole ya safari, na sikupata usingizi wowote wa maana. Daktari alikuwa amesema jicho limekaa vibaya muda mrefu, wasimwahidi mzee kitu.

Asubuhi nilifika wodini nikasimama karibu na mlango. Muuguzi akaifungua bandeji taratibu, akafuta, akamwambia afumbue. Mzee akafumbua, akakunja uso kwa mwanga, machozi yakamtoka. Mama mkwe alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Mzee akaelekea dirishani, ambako chini ya mawe ziwa lilikuwa linaonekana, akatazama, akatazama.

"Ile mashua," alisema, "aliyeitengeneza ile ni nani? Imelala upande."

Mama mkwe akakaa chini palepale sakafuni akaanza kulia. Mzee akamgeukia, akamtazama kwa muda, tangu kitambaa cha kichwani mpaka miguuni.

"Umezeeka," alimwambia.

"Ulidhani nakungoja wewe?" alijibu mama mkwe, na akazidi kulia.

Kisha jicho lake likapita chumbani, likihesabu vitu, kabati, ndoo, kitanda cha jirani, likafika mlangoni likasimama kwangu. Alinitazama usoni moja kwa moja, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemhusu. Hakunijua. Alidhani mimi ni mmoja wa wauguzi.

"Na huyu binti mdogo ni nani?" aliuliza.

"Shikamoo baba," nilisema.

Nikaiona sura yake ikibadilika, polepole, kuanzia kwenye lile jicho.

"Sauti yote ile," alisema, "inatoka humo?"

Ndipo mila ilipotutaka tugeuzie nyuso pembeni, mimi na yeye. Hakuna aliyegeuka.